Bado ya Adabu

Siku Ukoko ulipouliza swali lile, watu wote wa Gonja ya Pili walijibu kwa sauti moja, tena wakicheka, na ni kicheko hicho ambacho Navoneiwa hakuweza kukisahau. Angalau wangejibu kwa huzuni. Walikuwa msibani, jamani.

Walikuwa wanamzika Bibi Nakiete, mtu wa kwanza kufa tangu chombo kiwashushe kwenye sayari ile miaka sita nyuma, watu wazima mia mbili na kumi na wawili na mabati yao na sufuria zao. Kaburi walilichimba hadi magotini wakaacha. Huko Gonja ya Pili hakuna aliyekuwa anamaliza kazi. Ukitaka ukuta, unapanga mistari mitatu ya mawe unakwenda zako kunywa chai. Kesho yake ukuta umesimama, mawe yamekaa kama yamezaliwa tumbo moja. Ukitaka mkeka, unasuka shubiri mbili unauacha nje. Ukoko utamaliza.

Uliitwa Ukoko kwa sababu ndivyo ulivyoonekana: utando mkavu wa kahawia ulioshika miamba ya sayari nzima kama wali ulioungua unavyoshika chini ya sufuria. Haukuwa na macho wala mikono. Hakuna aliyejua kama ni mmoja au ni elfu. Mwanzoni walidhani ni kuvu tu, mpaka bati la kuezekea lililosahauliwa juu ya mwamba, nyuma ya jiko, lilipoanza kuvuma, na baada ya wiki mbili za kuvuma likasema, "Chai."

Jiko lilikuwa la Navoneiwa. Duniani alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka ishirini na miwili. Huku alikuja kupikia watu. Bati liliposema chai, alifuta mikono kwenye khanga, akasogeza kigoda, akaanza kazi yake ya zamani. Hii ni nini? Hili ni jiwe. Yule ni nani? Yule ni Mwenyekiti. Jibu kwa sentensi kamili.

"Shemeji," alimwambia Elinihaki, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa mtaalamu wa miamba, "huyu mwanafunzi wangu anataka nini hasa? Watoto wote niliofundisha walitaka kitu. Pipi, sifa, kwenda kukojoa."

"Hataki kitu."

"Anatujengea nyumba bure, hataki kitu?"

"Maji yanataka kwenda bondeni? Yanakwenda tu." Elinihaki alikuwa amekata kipande cha Ukoko, akakiunganisha na waya na vipimo vyake kwa mwaka mzima. Kipande kililala kimya hadi mtu alipoanza jambo karibu nacho na kuliacha. Hapo umeme ulipita ndani yake, ukapanda na kupanda hadi jambo lile liishe. Likiisha, kimya tena. "Kwake kila kilichoanza bila kuisha ni bonde. Kikiisha vizuri, kikiisha vibaya, ni mamoja. Hafurahi, shemeji. Usimwekee moyo wako kifuani mwake."

"Wewe mwenyewe nilikuwekea moyo na hukuwa na kifua."

"Ndiyo maana ukaolewa na kaka."

Wiki ile ya msiba, Navoneiwa alikuwa amefundisha neno bado. Aliulizwa na bati, "Chai imechemka?" akajibu, "Bado," na chai ikachemka palepale, moto haujawashwa. Jiko zima lilicheka. Akaeleza, kwa sauti yake ya darasani, kwamba mtu mwenye adabu akiulizwa jambo halijibu kwa hapana. Hapana ni neno kali. Mkubwa hajibiwi hapana. Sema bado.

Basi pale makaburini Elinihaki, kwa kuwa alikuwa mtani wa marehemu, aliruka ndani ya kaburi lile fupi akajilaza chali. "Bibi, sogea! Ulinisumbua ukiwa hai, na kitanda nacho unataka peke yako?" Watu walicheka huku wanalia, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Bati lilikuwa limeegemezwa kwenye mwamba karibu na jeneza, likavuma.

"Nakiete amekufa?"

"Amekufa," Navoneiwa alijibu. Neno la mwalimu juu ya mtu yeyote Ukoko uliliamini.

"Ninyi mmekufa?"

Mwenyekiti Kangero, aliyependa kuwa wa kwanza katika kila jambo, aliwahi kabla ya wote. "Bado!" Na kijiji kizima kikadakia, wengine wameshika mbavu: "Bado! Bado sana!" Nambike, binti wa Navoneiwa, alikuwa katikati ya umati na koleo lake la mabomba kiunoni, naye akapaza sauti kama wenzake. Navoneiwa alichelewa nusu pumzi, maana mwalimu ndani yake alitaka kwanza kusahihisha swali. Watu wazima hawaulizwi hivyo. Kisha akaona aibu kukaa kimya.

"Bado," akasema.

Bati likasema, "Wazi: mia mbili na kumi na moja."

*

Mwenyekiti alikutwa asubuhi iliyofuata ameketi kitini, kikombe mkononi, chai haijapoa. Nyuma ya sikio lake palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia. Hakuwa na dalili ya maumivu. Alionekana kama mtu aliyemaliza kusoma barua. Siku ya pili akafa aliyejibu wa pili. Siku ya tatu, wa tatu. Walipofika wa tano, hata mtu mgumu wa kuelewa alielewa. Familia moja ilibeba mizigo ikatembea siku nne uwandani. Lakini mwamba ni mwamba, na zamu zao zilipofika, zilifika.

Wa tisa alikuwa Mzee Mchome, aliyewahi kupelekana barazani na jirani yake kwa miaka saba kwa sababu ya kivuli cha mti. Asubuhi ya zamu yake alisimama mbele ya bati, kidole juu.

"Mimi? Hapana! Sikubali! Mimi sifi ng'o!"

"Hapana," likasema bati.

Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Mzee yu hai! Walimbeba mabegani, wakapiga sufuria, akina mama wakapiga vigelegele mpaka wakakauka koo. Saa nane Mchome alilalamika kwamba mguu wa kulia haunyanyuki. Saa kumi Ukoko ulikuwa umefika kiunoni, mwembamba kama ganda la kitunguu. Jioni ulifunga kidevu. Yupo hadi leo, kando ya tangi la maji, kidole juu, katikati ya hoja. Elinihaki alimwekea kipimo kifuani: moyo unapiga mara moja kila dakika arobaini. Utapiga hivyo daima, maana jambo lililokuwa wazi limefungwa, na limefungwa kwa neno lake mwenyewe: hafi. Macho yako wazi. Kila baada ya siku tatu jicho la kushoto hutoa tone moja, na mkewe huja kulifuta.

Kwa hiyo kulikuwa na bado na kulikuwa na hapana. Elinihaki akaleta la tatu.

"Tuudanganye," alisema siku ya ishirini, ameegemea mlango wa jiko. "Tuseme tumeshakufa. Jambo limeisha, bonde limejaa, maji hayana pa kwenda."

"Shemeji, mimi nimekuwa mwalimu. Mtoto hudanganywa mara moja. Halafu anakagua."

"Zamu yangu ni ya themanini. Nikingoja nitazeeka." Alikuwa anatabasamu, lakini mikono ameibana kwapani ili isionekane. "Mimi ni mtani wa watu. Likiharibika, mtasema alikuwa anatania."

"Elinihaki."

"Jina langu unalitamka vizuri ukiwa na hofu. Ulikuwa wapi siku zote?" Akaligeukia bati, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia. "Elinihaki amekwisha kufa. Tayari."

Alisubiri, akasubiri, kisha akamgeukia Navoneiwa akamkonyeza. Akaanguka hivyohivyo, jicho moja limefumba. Navoneiwa alimfikia akiwa bado wa moto, na alipomgeuza aliona la pili nalo linafumbwa, polepole, na uzi wa kahawia usiozidi unywele. Ukoko haukuacha jambo nusu.

*

Siku ya hamsini na mbili, watu walipomaliza kula, Navoneiwa alikaa na mwanafunzi wake. Kesho yake ilikuwa zamu ya Nambike. Keshokutwa, yake.

Alishafikiriwa kuwa mchawi, alishatukanwa, alishapigiwa magoti. Mwanamke mmoja alikuja kumwomba awasemee hapana mumewe na dada zake. Navoneiwa hakubishana naye, alimwambia tu akamtazame Mzee Mchome na arudi. Mwanamke alikwenda, akarudi, akachota maji, hakuomba tena.

"Sikiliza," alisema sasa kwa bati. "Nilikufundisha vibaya."

Bati likavuma kidogo. Alijua limesikia.

"Bado si ahadi. Ni adabu tu. Mtu ana miaka sabini, anaulizwa kama ameoa, anasema bado. Hataoa! Anajua hataoa, aliyeuliza anajua. Anaona haya tu kusema..."

"Bado ni hapana?" liliuliza bati.

Navoneiwa alilipima jibu. Akisema ndiyo, watu wote waliobaki, kwa neno moja la mwalimu, wangekuwa Mzee Mchome. Angeona Gonja ya Pili imejaa watu waliosimama, kila mmoja na kidole chake, kila mmoja na tone lake. Akisema siyo, kesho asubuhi.

"Bado ni bado," alisema.

"Wazi: mia moja na hamsini na nane."

"Unatuchukia?"

"Kuchukia. Toa mfano."

Alimtolea mfano. Alimweleza habari za Mzee Mchome na jirani na kivuli. Alieleza vizuri, kama zamani, kwa mikono.

"Kuchukia kunaisha lini?" liliuliza bati.

"Wengine kunaisha. Wengine hakuishi."

"Kupenda. Toa mfano."

Alimtaja Nambike kabla hajafikiri: Nambike akiwa na miaka minne, anafungua na kufunga bomba la nyumbani Upareni mpaka tangi likakauka, anachapwa, anafungua tena, Nambike anayelala amekunja ngumi. Alizungumza muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijikuta anatumaini, kipumbavu, kwamba ukishaelewa hili utaelewa yote.

"Kupenda kumeisha?" liliuliza bati.

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Alijiziba kwa viganja viwili, akakaa hivyo mpaka machozi yakapita kati ya vidole, na hakulitamka. Mwanafunzi wake alingoja jibu. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na huruma, wala hakuwa na ukatili. Alikuwa na swali lililo wazi.

*

Asubuhi Nambike alioga, akaja kukaa mlangoni pa jiko kati ya magoti ya mama yake, asukwe.

"Taratibu basi. Unanivuta mpaka nyusi."

"Unataka uende na kichwa kama ufagio?"

"Nani ataniona?"

"Mimi nitakuona."

Navoneiwa alisuka mistari midogo kuliko ilivyohitajika, ili iwe mingi. Zamu zilikuwa zinafika kati ya chai na saa sita.

"Mama, nilikwenda kwa Mzee Mchome jana. Nilimfuta mimi tone." Nambike alikuwa anachezea koleo lake, analifungua, analifunga. "Anatuona. Nilimpitishia mkono usoni, baada ya muda mrefu sana macho yakaufuata. Mkono nimeshautoa zamani. Niapie hutasema neno."

"Nimekuambia sitasema."

"Wewe? Wewe unaongea hata ukiwa unapiga mswaki."

"Nitanyamaza kama uji."

"Uji unatokota, mama."

"Naapa kwa kaburi la baba yako. Sitasema neno. Utalala tu mwanangu, kama wenzako, na mimi kesho nakufuata. Tutakuwa tumeachana siku moja tu. Umeshawahi kulala kwa rafiki zako siku nyingi kuliko hizo."

Nambike alicheka, akaegemeza kichwa kwenye paja la mama yake. Navoneiwa alichukua pindo la khanga akalisokomeza mdomoni, lote lililoweza kuingia, akauma. Mkono wake ulibaki kwenye kichwa chenye mistari mipya. Chini ya kidole cha shahada aliuhisi uzi mkavu unapita nyuma ya sikio, mwepesi, kama mdudu anayetafuta njia. Ngumi za Nambike zikakunjwa. Koleo likaanguka. Pumzi ikatoka, na nyingine haikuja.

Hakuna aliyemfundisha Navoneiwa neno lile. Lilikuwa pale kabla ya darasa, kabla ya adabu, mahali ambapo mwanamke yeyote wa kwao hulitoa anapoona alichokiona yeye. Khanga ilitoka mdomoni na neno nyuma yake.

"Hapana! Hapana! Mwanangu hapana!"

Nyuma ya jiko bati likavuma. "Hapana."

Nambike akavuta pumzi kwa kelele, akafumbua macho. Kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, Navoneiwa alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika sayari ile.

"Mama," alisema Nambike. "Umefanya nini?"

Alikasirika mpaka saa saba. Alimwambia mama yake maneno ambayo binti hamwambii mama, na Navoneiwa aliyapokea yote ameinamisha kichwa, hakujitetea, maana alilokuwa nalo alishalisema. Saa nane mguu haukunyanyuka, na Nambike akaogopa, hasira ikamwisha. Akaomba aketishwe, ili asisimame kama Mzee Mchome. Majirani wakamwegemeza ukutani, wakamwekea mto. Akaomba maji. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ya zamani, "Nitatazama nini?"

"Nini?"

"Siku zote hizo. Hapa nilipo naona ukuta ule wa mbele tu. Kesho wewe hupo. Nitatazama nini?"

Ukoko ulikuwa umefika kifuani. Navoneiwa alisimama. Kesho asubuhi kulikuwa na zamu yake, nyepesi, uzi mmoja nyuma ya sikio, kikombe mkononi. Watu hamsini na wawili walikuwa wamepita mlango huo na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Alipiga hatua tatu hadi kigoda chake, akakibeba, akakiweka mbele ya binti yake, karibu kiasi cha magoti kugusana. Akakaa. Akakisogeza kidogo kushoto, kwa sababu nguzo ilikuwa inaleta kivuli.

"Mama, usifanye."

"Nyamaza. Umesema sana leo."

"Mama, tafadhali. Wewe nenda."

"Navoneiwa," alisema mwalimu kwa sauti ya darasani, ili bati lisikie vizuri, "hafi. Hapana."

"Hapana," lilijibu bati. Kisha, kwa kuwa hesabu ilikuwa imebadilika: "Wazi: mia moja na hamsini na sita."

Akamfunga Nambike kifungo cha juu kilichokuwa kimefunguka. Akajikung'uta unga kwenye magoti, akanyoosha mgongo, akainua kidevu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuwa mizito. Midomo ya binti yake haikuweza tena kusema, lakini macho yaliweza, na yalikuwa yanamtazama yeye.

"Haya," alisema Navoneiwa. "Sasa tuone nani atapepesa wa kwanza."